Mama Bilonda na Miwani ya Marehemu

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumamosi ya pili ya Februari 1976. Mama Bilonda Tshimanga amesimama dirishani katika zahanati ya masista ya Musonoi, mtaa wa wachimbaji madini. Mkono mmoja ameunyoosha, jicho moja amelifumba, na mbele ya jicho la pili ameshika miwani ya mtu. Anaisogeza taratibu, kulia, kushoto, huku akitazama nondo ya dirisha kupitia kioo. Miwani ikienda kulia, nondo nayo inaonekana kwenda kulia. Anarudia mara tatu, kisha anashusha mkono na kuguna.

Wagonjwa wa Jumamosi wanalijua guno hilo. Maana yake ni kwamba miwani haikosi kitu, ila imekaa kwenye uso usio wake.

Mwenye uso huo ameketi kwenye benchi, kofia ya kazini magotini. Anaitwa Tata Mukalay, ana umri wa miaka arobaini na tisa, na kwa miaka kumi na minane amekuwa pointeur mgodini. Anakaa kwenye kibanda ukingoni mwa shimo, na kila lori linalopanda anaandika namba yake, saa lilipopita, na kama limebeba madini au mawe matupu. Ni kazi ya kuangalia mbali, kisha karibu, kisha mbali tena, tangu king'ora cha asubuhi mpaka cha jioni.

Kwa mwaka mzima sasa karatasi zake zimejaa makosa. Tatu inageuka nane, lori la madini linaandikwa mawe matupu. Mkubwa wake alidhani anakunywa. Akampeleka akapimwe macho, na huko akavua miwani, akasoma herufi za ukutani zote hadi mstari wa mwisho, akaandikiwa kuwa macho yake ni mazuri sana. Basi ikawa balaa zaidi, maana mtu mwenye macho mazuri anayekosea hivyo ni mlevi au mvivu.

Amepewa hadi Jumatatu. Saa moja asubuhi atakaa mbele ya mkubwa na kunakili karatasi ya malori arobaini. Akishindwa, anahamishiwa kwenye kikosi cha kufyeka nyasi kando ya reli, daraja la chini kabisa, na nyumba anayokaa inakwenda pamoja na kazi. Ndani ya nyumba hiyo wanalala watu tisa.

Mama Bilonda anamwomba aache kuivaa miwani hiyo. Tata Mukalay anaichukua kutoka mkononi mwa mama, kwa adabu, na kuirudisha puani.

"Mama, hii ni lunettes ya yaya," anasema. "Balinipatia mbele ya famille yote. Nikiitosha ku macho, batasema nimetupa batoto yake."

Yaya ni kaka yake mkubwa, Kisimba, aliyekuwa karani wa stesheni ya reli kule Kasaji. Alifariki mwishoni mwa mwaka 1974. Siku ya kumaliza kilio, wakubwa wa ukoo waligawa vitu vyake. Baiskeli ilikwenda kwa mpwa, koti kwa binamu. Miwani, yenye fremu nyeusi nzito, akavishwa Mukalay, na shangazi akamwambia mbele ya watu kwamba kuanzia siku ile atawaangalia watoto wale kwa macho ya kaka yake. Mjane na watoto wanne wakapanda treni kuja Musonoi kwa Mukalay. Tangu hapo hakuivua, isipokuwa kulala, kuoga na kusoma herufi za ukutani.

Nani angemlaumu? Mimi ninayeandika haya, niliyeketi pembeni na daftari, nimezika ndugu, nimegawiwa vitu, na ningeivaa vilevile.

Mama Bilonda ana miaka arobaini na mbili. Alizaliwa hapa hapa Musonoi, binti wa mchimbaji aliyeletwa kutoka Kasai. Shule aliishia darasa la tano. Aliingia zahanati hii akiwa mfagiaji, na ilikuwa kwa ufagio, anasema, kwamba alikutana na miwani.

Masanduku ya miwani yaliyotumika yalikuwa yakifika kutoka Ulaya, sadaka za parokia za huko. Hayakuwa na maandishi wala mpangilio. Watu walipanga foleni, kila mmoja akatumbukiza mkono sandukuni, akajaribu hii na ile, akaondoka na iliyompendeza kwa fremu. Mwaka 1968 sista mmoja Mbelgiji, aliyechoka kuwaona wagonjwa wakirudi na vichwa vinauma, alimwonyesha mfagiaji wake namna ya kusoma kioo kwa mikono mitupu. Sista alirudi kwao miaka minne baadaye. Mfagiaji akabaki na kazi.

Kazi yenyewe ukiiona unaweza kucheka. Anasogeza kioo mbele ya nondo. Nondo ikikimbia upande wa pili, kioo ni kinene katikati, cha kukusanya mwanga. Nondo ikifuatana na mkono, kioo ni chembamba katikati, cha kutawanya mwanga. Ili kujua nguvu ya kile cha kukusanya, anasimama ndani na karatasi nyeupe na rula ya mita, na kulitafuta dohani la kiwanda. Dohani linatokea kwenye karatasi, dogo kama njiti, kichwa chini miguu juu. Likitulia kwa mita moja, kioo ni namba moja. Likitulia kwa nusu mita, ni namba mbili. Cha kutawanya hakichori kitu kwenye karatasi, kwa hiyo anakibandika juu ya kioo cha kukusanya anachokijua, na kubadilisha mpaka nondo ikatae kwenda kokote. Hapo vimeuana, namba ni ileile.

Katika sanduku la mwisho lenye miwani mia tatu na kumi na mbili, alipata nzima mia na arobaini. Mshahara wake ni zaire ishirini na mbili kwa mwezi. Kwa fundi wa miwani kule Lubumbashi, anasema, hiyo haifiki hata bei ya fremu.

Miwani ya Kisimba ni namba tatu, ya kutawanya. Mama Bilonda anamweleza Tata Mukalay maana yake, na anaeleza kama mtu anayepika, siyo kama kitabu.

Ndani ya jicho, anasema, kuna kioo kidogo laini. Ukiangalia mbali kinalala bapa. Ukiangalia karibu, msuli unakiachia kinavimba, ili picha iangukie sawasawa kwenye ukuta wa nyuma wa jicho. Mtoto anaweza kukivimbisha anavyotaka. Ukipita miaka arobaini, kioo kinaanza kuwa kigumu.

"Ni kama bukari," anasema, ndivyo wanavyouita ugali huku. "Bukari ya moto unaifinya vile unapenda. Ikipoa, inakatala. Yako imeshapoa, tata. Haiko ugonjwa, ni miaka."

Kwa hiyo Tata Mukalay, kwa macho matupu, anaona lori la mita mia mbili bila taabu, lakini karatasi iliyo mkononi inamtoroka. Anahitaji kioo cha kukusanya, kifanye kazi ambayo bukari iliyopoa haiwezi tena. Marehemu kaka yake alikuwa na shida iliyo kinyume. Jicho lake lilikuwa refu, picha ya mbali ikaangukia njiani kabla ya kufika ukutani, na kioo cha kutawanya ndicho kilichoisukuma nyuma. Mukalay akivaa hicho, ni sawa na kumbebesha mzigo mtu ambaye tayari amechoka.

Anasikiliza yote, anatikisa kichwa kukubali yote, na miwani bado iko puani.

Hapa mtu mwingine angegombeza. Mama Bilonda hagombezi tena. Miaka mitatu iliyopita alimwambia mwanamke mmoja mbele ya foleni kwamba miwani ya mama yake haifai kitu kwake. Mwanamke yule aliifunga kwenye kitambaa, akatoka na hakurudi, na mtaa mzima ukaambiwa kwamba Bilonda anawacheka wafu. Kwa wiki sita benchi lilikaa tupu. "Nilistahili," ananiambia, bila kujitetea.

Tangu siku hiyo ana utaratibu. Ikiwa miwani ni ya marehemu, haondoi kitu mpaka mtu wa karibu wa marehemu aje. Na anaomba waje na karatasi yoyote ya nyumbani iliyoandikwa, kwa sababu mtu husoma vizuri zaidi kitu chake kuliko herufi za watu. Basi anatuma ujumbe nyumbani kwa Tata Mukalay, naye anabaki amekaa, anakunja na kukunjua kofia.

Mjane anafika karibu saa nne. Kwenye kadi ya uraia anaitwa Kanku, na mtaani ni Mama Odile, kwa jina la binti yake mkubwa. Binti mwenyewe, mwenye miaka kumi na miwili, yuko nyuma yake, mdogo wake mgongoni. Mama Odile ameshika karatasi tatu za shule alizozichomoa kwenye kopo la nyumbani. Amekuja kwa haraka akidhani kuna msiba.

Mama Bilonda anamkalisha, anamuuliza hali ya nyumbani, kisha anamuuliza swali moja tu: marehemu alipokuwa anasoma gazeti, alifanyaje na miwani?

Mama Odile anamshangaa. Anasema marehemu alikuwa akiivua. Kila mtu wa Kasaji alijua. Aliivaa kwa ajili ya njia, treni na watu, lakini akishika karatasi aliisukuma juu ya paji la uso na kusoma karibu kabisa na pua.

Tata Mukalay alimwona kaka yake kwenye harusi na misiba tu, siku za watu, miwani usoni. Hakuwahi kukaa naye anaposoma. Kwa miezi kumi na minne amejilazimisha kusoma kwa kitu ambacho kaka mwenyewe alikivua ili asome.

"Juu ya nini hukuniambia?" anamuuliza shemeji yake.

Mama Odile anaangalia sakafu. Machozi yanamtoka, lakini sauti imetulia.

"Nilikuwa nakuona unagonga meza, unagonga mulango. Nilitaka kusema utoshe lunettes. Lakini nilizania utasema namufukuza bwana yangu mara ya pili. Njo nikanyamaza, Tata Mudogo."

Tata Mukalay anajibu kwamba yeye naye alikuwa akiivaa kwa ajili yake yeye. Wanatazamana. Halafu, jamani, wote wawili wanaanza kucheka, kicheko cha watu waliobeba gunia moja mwaka mzima, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyelitaka. Miwani inatoka puani bila mtu kuiomba.

Mama Bilonda hapotezi muda. Fremu itabaki, anasema, vioo ndivyo vitakavyobadilika. Ana jozi moja tu ya namba mbili, ya kukusanya, yenye upana wa kutosha. Anaichora umbo la fremu kwa wino na kukaa kwenye jiwe la kunolea lenye mpini, maji yakidondoka kutoka kwenye kopo. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unagusisha ukingo wa kioo, kidogo, kidogo. Akibonyeza sana kinapasuka, na jozi nyingine hana.

Saa sita kasoro dakika kumi anasimamisha jiwe. Sioni sababu. Anatuonyesha kwa kidevu upande wa shimo, na kweli, saa sita mgodi unalipua na madirisha yanatetemeka. Vioo vitatu vilishampasukia mkononi kabla hajaujua mwendo wa baruti. Baada ya vumbi kutua anaendelea.

Wakati huo ananiona nimeshika daftari langu mbali, mkono umenyooka kabisa. Ananiuliza umri wangu. Namwambia arobaini na nne, na kwamba ni mwanga wa chumba tu. "Wote wanasema mwanga," anajibu, na kurudi kwenye jiwe lake.

Saa saba, fremu ya Kisimba inarudi usoni pa Mukalay ikiwa na vioo vipya. Mama Bilonda anachukua karatasi ya kwanza mikononi mwa Mama Odile na kumpa. Ni ripoti ya shule ya Odile, ya muhula wa Desemba.

Anasoma polepole, kwa sauti. Hesabu, kumi na saba juu ya ishirini. Dini, kumi na sita. Nafasi, ya nne kati ya wanafunzi hamsini na watatu. Anamtazama binti, uso umejaa raha, kisha anarudi kwenye karatasi. Chini kuna maandishi madogo ya mwalimu kwa Kifaransa. Anayasoma kimya, midomo inatembea.

Anatufasiria. Mwalimu ameandika kwamba mtoto haoni ubao, anakili kwa jirani yake, na mlezi wake anaombwa ampeleke apimwe macho mapema. Chini ya maneno hayo kuna sahihi ya mlezi.

"Ni mi," anasema Tata Mukalay. "Nilitia signature hapa. Sikusoma. Balisema niangalie batoto, na sikusoma."

Ni Mama Odile anayesema kwamba karatasi ni ya Desemba na sasa ni Februari, mwaka wa shule haujaisha, mtoto yuko hapa na mwenye kupima yuko hapa. Anaongea kwa ukali kidogo, kama mtu anayemwamsha mtu. Odile anamshusha mdogo wake mgongoni na kusimama mbele ya herufi za ukutani. Anasoma mistari miwili ya juu. Wa tatu anaukisia.

Mama Odile ananyoosha mkono kwenye vile vioo vya mumewe, vilivyo mezani juu ya pamba. Kwa nini visirudi kwa mtoto wake? Ni vya baba yake. Hata mimi nilidhani jambo limekwisha, tena limekwisha vizuri.

Mama Bilonda anavishika mbele ya macho ya Odile. Mtoto anasoma mistari yote. Mama yake anapiga makofi mara moja. Lakini Mama Bilonda anatikisa kichwa na kuvitoa. Huyu bado ana bukari ya moto, anaeleza, anaweza kukilazimisha kioo cha jicho lake hata kwa nguvu isiyomfaa. Leo ataona, jioni kichwa kitamgonga, na baada ya mwezi ataiacha miwani na watasema ni mkaidi. Anajaribu jozi nyingine, na nyingine, mpaka kwenye namba moja na nusu. Odile anasoma mistari yote, na safari hii paji la uso limetulia.

"Damu ni ya baba yake," anasema Mama Bilonda. "Jicho ni yake mwenyewe."

Jozi ya Odile ina fremu ya kahawia, iliyokuwa ya mtoto wa Ulaya asiyejulikana. Anatoka nayo mlangoni, anasimama, na kumwambia mama yake kwamba juu ya kilima cha mawe kule ng'ambo kuna watu wanatembea. Wamekuwapo siku zote.

Jumanne narudi Musonoi kujua habari. Tata Mukalay namkuta kibandani kwake, kwa hiyo nusu ya habari naijua kabla sijauliza. Alinakili malori yote arobaini, kosa hakuna. Mkubwa alizungusha karatasi mara mbili, akamuuliza kwa nini mwaka mzima hakusema kwamba anahitaji miwani.

"Nilimuambia: chef, nilikuwa nayo," ananiambia, na anacheka mpaka lori linalofuata linampigia honi. Analitazama juu ya fremu, kisha anaandika namba yake kupitia vioo. Nyumba imebaki. Jumapili, anasema, aliomba kopo lote la karatasi za shule na kuzisoma za watoto wote wanne, tangu Kasaji.

Vioo vya marehemu havikurudi nyumbani. Mama Odile aliviacha mwenyewe kwa Mama Bilonda, akasema atafutwe mtu wa namba tatu.

Hilo ndilo lililompa Mama Bilonda wazo ambalo sasa halimwachi alale. Anataka familia zimwite kabla ya kugawa, siyo baada. Siku ya kumaliza kilio, miwani ya marehemu iletwe mbele yake na rula yake, ipimwe, na wale wanaotaka kuirithi wapimwe pia. Atakayeingia kwenye namba ile avae. Asipopatikana, familia ipewe fremu iwe kumbukumbu, na vioo vikae zahanati vikimsubiri mtu. Padri amekubali kulitangaza baada ya misa. Mchungaji wa Kiprotestanti ameomba wiki moja afikiri. Familia moja imeshamwita Jumapili ijayo, nyumba ya tano kutoka kwenye bomba la maji, na wakubwa wa ukoo wamemwekea kiti upande wao.

Namuuliza kama haogopi watu waseme tena kwamba anawacheka wafu. Amesimama dirishani, mkono umenyooka, miwani ya mtu mbele ya nondo. Hageuki.

"Kila lunettes ya marehemu iko na mwenyewe fasi fulani, nyumba fulani," anasema. "Sasa banaanza kuniita nimutafute."